Huyu Carnegie wa maktaba mnamwonaje? Nina milioni 3.6 na sijui niziweke wapi

BintiSinga (Nguvumali, Tanga)

Asalaam aleikum wana jukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Mie nina karakana ndogo hapa Nguvumali, kazi yangu singa za mkonge. Tunasokota kamba, tunasuka mikoba na mazulia ya mlangoni, na yale madodoki ya kujisugulia ambayo wageni wanaofikia Raskazone wanayagombania wakati sie tuliokulia mkongeni hatuyataki hata kuyaona. Nilianza 2011 na bibi yangu mzaa mama, chini ya mwembe, na mzigo mmoja wa singa za daraja la chini. Leo tuko kumi pamoja nami.

Sasa, mwezi uliopita binamu yangu kanipa tiketi ya semina ya mafanikio mjini. Kiingilio elfu thelathini, ndani yake soda moja na sambusa mbili. Mhamasishaji kavaa suti ya buluu na tai, na joto la Tanga mnalijua, jasho lamtiririka mpaka kwenye kipaza sauti. Saa nzima alikuwa na mtu mmoja tu mdomoni: Andrew Carnegie. Mtoto wa mfumaji masikini wa Uskoti, kaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 13 kwa dola 1.20 kwa wiki, na mwaka 1901 kauza viwanda vyake vya chuma cha pua kwa dola milioni 480. Halafu kazigawa. Kajenga maktaba 2,509. Alisema mtu akifa huku kaikumbatia mali yake, kafa kwa aibu.

Hilo la mayai nalo alilileta, kwamba Carnegie aliwaambia vijana waweke mayai yote kapu moja kisha walilinde kapu lenyewe. Hapo nilicheka peke yangu, mtu wa kiti cha jirani akanitazama. Mie kapu moja limeshanipiga: 2020 duka la Arusha lililokuwa likichukua karibu mali yangu yote lilisimamisha oda kwa sababu watalii hawaji, nikabaki na mikoba 140 chini ya kitanda inanuka ukungu.

Ila lile la kutoa liliniingia. Kweli niliguswa. Nina milioni 3.6 nilizojiwekea kidogo kidogo kwa miaka miwili, nikasema basi Ramadhani hii nazipeleka shule ya msingi niliyosoma. Rafu za vitabu, madawati machache, vitabu vyenyewe. Mwalimu mkuu nilipomwambia, nusura anibebe.

Kesho yake baada ya Alasiri nikawatangazia wenzangu karakanani. Wakapiga makofi. Yuko mama mmoja, sote twamwita Shangazi, ndiye aliyenifundisha kufunga ukingo wa zulia usifumuke. Yeye hakupiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Bila kuinua macho akasema: "Hongera mwanangu. Mie naomba elfu mbili kwa siku."

Kimya. Hata redio nikaisikia ghafla.

Nawalipa 7,000 kwa siku. Usiku nikapiga hesabu: elfu mbili, mara watu tisa, mara siku 26, ni 468,000 kwa mwezi. Milioni 3.6 zangu zisingemaliza hata miezi minane. Na rafu ukishaitengeneza umeshaitengeneza, mshahara hauna mwisho.

Swali langu ndilo hili: huyo tajiri aliwalipaje watu wake mwenyewe? Mhamasishaji hakugusia hata kwa bahati mbaya. Na mngekuwa nyie mngefanyaje?

---

KijanaWaChumbageni

Dada, wewe piga hesabu ya ukumbi kwanza. Watu 200 mara elfu thelathini. Carnegie aliuza chuma, huyu wa suti ya buluu anamuuza Carnegie 😂

Sambusa zilikuwa za nyama au viazi?

---

BintiSinga

Viazi. Na za jana.

---

MwalimuMstaafu (Makorora)

Waaleikum salaam binti yangu.

Nimefundisha historia miaka 31, na huyu bwana nimemsoma pale maktaba ya mkoa, jengo la King George, kabla macho hayajaanza kunigomea. Mhamasishaji wako hakukudanganya. Kakuletea samaki aliyekwishatolewa miba, basi. Hebu nikurudishie miba yake.

Baba yake alifuma vitambaa kwa mkono mjini Dunfermline. Zikaja mashine za mvuke, kazi ikafa, na mwaka 1848 familia ikahamia Allegheny, jirani na Pittsburgh, Marekani. Mle mjini kulikuwa na Kanali James Anderson aliyekuwa akiwaazima vijana wa kazi vitabu vyake mwenyewe, kama 400, kila Jumamosi. Baadaye maktaba ile ilipokua, wasimamizi wakataka vijana wasio wanagenzi, yaani wasio kwenye mafunzo ya ufundi, walipe dola mbili kwa mwaka. Carnegie alikuwa tarishi wa simu za maandishi, hakuwa mwanagenzi. Akaandika gazetini kulalamika, na akaendelea kuandika mpaka wakamfungulia mlango. Mtu aliyewahi kunyimwa kitabu kwa kukosa dola mbili hasahau. Maktaba zile 2,509 zimetoka hapo, na ukitaka ya karibu na sisi, iko moja Victoria, Shelisheli, ya mwaka 1910.

Kisha kuna kitu ambacho wahamasishaji hawakitaji. Hakutoa bure. Mji uliotaka maktaba ulitoa kiwanja, na ukaahidi kila mwaka kutenga asilimia 10 ya fedha alizotoa kwa ajili ya uendeshaji. Akitoa dola 10,000, mji utoe 1,000 kila mwaka, wa taa, wa mfagizi, wa mtunza vitabu. Katika hilo namvulia kofia. Shule moja niliyofundisha ililetewa vitabu makatoni kumi na mbili na wafadhili, tukapiga picha, wakaondoka. Hapakuwa na chumba chenye kufuli. Mchwa walikuwa wasomaji wazuri kuliko darasa la sita.

Mwiba wa kwanza: mwaka 1868, ana miaka 33, alijiandikia karatasi hotelini New York kwamba dola 50,000 kwa mwaka zinamtosha, na kwamba kulimbikiza mali ni ibada mbaya ya sanamu. Akaikunja ile karatasi. Akaendelea kuchuma miaka mingine 33.

Mwiba wa pili ndio wako. Mwaka 1889 aliandika makala kuhusu mali. Alisema tajiri ana njia tatu: awarithishe watoto, na hao wataharibika, aache wosia, na huko ni kuchelewa, au atoe angali hai kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo ndiyo bora. Aliunga mkono hata serikali kumtoza kodi kubwa tajiri aliyekufa na mali yake. Mpaka hapo safi. Lakini humo humo akaandika kwamba fedha ile ile ikigawanywa vipande vidogo vidogo kwa watu wa kawaida, nyingi itapotelea katika kula na starehe, na kwamba ikikaa mikononi mwa mtu mmoja mwenye busara itawafaa zaidi. Mwenye busara ni nani? Ni yeye. Sasa msome tena Shangazi yako na zile elfu mbili, utaona wanajibizana.

Na swali lako la malipo: kiwanda chake cha Homestead, 1892. Mkataba na chama cha wafanyakazi ulikuwa unakwisha na kampuni ikataka kupunguza viwango. Carnegie alikuwa Uskoti mapumzikoni, kazi kamwachia msimamizi wake, Henry Clay Frick. Tarehe 6 Julai walinzi wa kukodi 300 wa Pinkerton waliletwa kwa mashua za mto Monongahela kabla ya mapambazuko. Risasi zikapigwa siku nzima, watu wasiopungua 10 wakafa, pande zote mbili. Chama kikavunjwa, malipo yakashuka, zamu ikawa ya urefu wa saa 12, Jumapili haimo katika hesabu ya mapumziko. Mwaka 1898 akawafungulia maktaba nzuri mno hapo hapo Homestead. Wafanyakazi wakauliza: tutaisoma saa ngapi?

---

UstadhWaSahare

Nisaidie kuweka jambo moja sawa maana naona linachanganywa.

Dada, kama hizo milioni 3.6 zimekaa mwaka na zimefika nisabu, yaani kiwango kinacholazimu zaka, toa asilimia 2.5 yake kwanza, yaani 90,000. Hiyo ni zaka, ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, si hiari yako wala yangu. Kilichobaki ukipeleka shule ni sadaka, na kitabu kinachosomwa na watoto baada yako ni sadaka yenye kuendelea. Inshaallah utakuta ujira wake.

Ila usije ukamwongezea mfanyakazi mshahara ukaniambia umetoa zaka. Ujira ni haki yake kwa jasho lake, na tumeamrishwa tumpe kabla jasho halijakauka. Deni halilipwi kwa sadaka. Kama 7,000 ndiyo mliyokubaliana, huna dhambi. Kama unajua moyoni kuwa alikubali kwa sababu hana pa kwenda, hilo ulizungumze na Mola wako, mie siko humo.

---

MzeeWaKorona (zamani Muheza, sasa Pongwe)

Mwanangu BintiSinga, marahaba.

Mwalimu kaeleza vizuri ya huko kwao. Mie nakueleza ya hapa, tena fupi, maana simu ya mjukuu hii na anaitaka.

Mkonge aliuleta Mjerumani, Daktari Hindorf, 1893. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, Tanga ilifika 62 hai. Kwa ajili ya hiyo 62 baba yangu akaja kutoka Kigoma, manamba, na kipande mkononi: fanya siku 30 za kazi ndipo ulipwe, ukiumwa siku haihesabiwi. Alikuwa mkataji. Tita moja majani 30, na kazi ya siku kwao ilikuwa matita 70. Ule mwiba wa ncha ya jani ulimtoboa chini ya jicho, alama alikufa nayo.

Bwana mwenye shamba, jina lake nalihifadhi, wajukuu zake ni watu wazuri, alikuwa mtoaji. Nasema kweli. Alijenga shule ya mbao kambini, na mie alifu na bee nilizisoma humo. Alitoa mipira. Kila sikukuu mchele. Kisha mwaka mmoja akaleta sinema. Ukuta wa ghala ya singa ukapakwa chokaa, na Jumamosi jioni kambi nzima tunakaa chini kutazama. Watoto tulikuwa wazimu kwa furaha.

Mwezi ule ule kazi ya siku ilipandishwa kutoka matita 70 hadi 80. Fedha ile ile. Majani 300 zaidi, kwa panga lile lile, kuanzia alfajiri.

Basi baba alikuja kwenye sinema kila Jumamosi, maana bwana mwenyewe alikuwa akipita kuona nani kaja. Alikaa mbele. Na sinema zote alizitazama amelala. Mama alikuwa akimshika bega ili asiangukie jiwe. Sinema ikiisha anamwamsha, anasimama, anapiga makofi na wenzake.

Miaka mingi nilidhani baba hapendi sinema. Nilipoingia mwenyewe kwenye korona, ile mashine ya kuchambua singa, nikasimama saa nane mfululizo, yale maji ya mkonge yakiniwasha mpaka kiwikoni, Jumamosi ya kwanza na mie nililala. Ndipo nikaelewa.

Sasa bwana yule ntamtukana? Kusoma kwangu kunatoka kwake. Ntamsifu? Jicho la baba. Tanga nzima imejaa hao. Galanos shule ina jina la Mgiriki wa mkonge. Akina Karimjee nao walikuwa na mashamba huku, na Karimjee Hall ya Dar wameitoa wao. Watu wamesoma, watu wamefaidika, sikatai. Ila kila jengo nikipita nahesabu matita. Siwezi kuacha.

Wewe si tajiri mwanangu, usijipime na hao. Mtu wa kumi kati ya watu kumi si bwana shamba. Nitakwambia kitu ambacho bwana yule hakukifanya hata siku moja: fungua daftari. Wakae tisa hao, uwasomee mkoba mmoja unauzwaje, singa kiasi gani, rangi kiasi gani, nauli ya basi, kodi ya chumba, na wewe unabakiwa na nini. Usiwasomee kama mhamasishaji. Wasomee kama mtu anayeomba hesabu ikaguliwe. Kisha uwaulize.

Kama huthubutu kulifungua, basi jibu la swali lako umeshalipata.

---

KijanaWaChumbageni

Mzee shikamoo, umenitoa machozi kwenye daladala ya Raskazone.

Ila naomba kubisha kidogo kwa heshima. Akifungua daftari leo, kesho kila mtu Nguvumali anajua dada ana milioni 3.6. Harusi zote, misiba yote, ada zote zitapiga hodi kwake. Biashara ngapi hapa Tanga zimekufa kwa ukarimu? Mjomba wangu alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli barabara ya kumi na mbili, akauza kwa mkopo mtaa mzima, leo anaendesha hiyo baiskeli mwenyewe.

---

MzeeWaKorona

Daftari la biashara, kijana. Sikusema daftari la akiba yake. Soma vizuri, usiwe kama mchwa wa Mwalimu.

---

MwalimuMstaafu

😂 Mzee kanipita.

---

BintiSinga

Wazee wangu, nimerudi. Samahani nimekawia, tulikuwa na oda ya mazulia 60.

Nimelifungua. Jumamosi, baada ya kazi, kwenye ule mkeka wa kukatia. Nilikuwa natetemeka kuliko siku ya ndoa yangu. Nikawasomea mkoba mkubwa: singa, rangi, ngozi ya mpini, zipu, nauli ya mzigo, kodi, umeme, siku mbili za mtu. Duka la Arusha lanipa 26,000. Mie nabakiwa na 3,100, na hapo kama hakuna uliorudishwa.

Nilitegemea kelele. Shangazi akauliza swali moja: "Kule wanauuza bei gani?"

Sijui. Wallahi nilikuwa sijui. Miaka minne nauza mkoba sijui unauzwa kiasi gani. Msichana mdogo kabisa kati yetu akatoa simu, akatafuta ukurasa wa lile duka, akatuonyesha: mkoba wetu, ukingo wa Shangazi uleule, 85,000.

Pale ndipo kelele zikaja. Lakini hazikuwa juu yangu.

Tumefanya hivi. Elfu moja kwa siku nimeongeza, kuanzia wiki hii. Ni 234,000 kwa mwezi, mwaka mzima 2,808,000, na hiyo nimeitenga kabisa kutoka ile 3.6 ili nisije nikaikosa mwezi mbaya. Elfu ya pili nimesema tutaitafuta kwa duka, si kwangu. Nimewaandikia nataka 32,000 kwa mkoba. Hawajajibu. Shangazi hakuridhika, tuseme ukweli. Aliomba mbili, kapewa moja na ahadi, na ahadi yeye anazijua. Alisema "haya" ile ya Kitanga, ile ambayo si ndiyo wala siyo.

Ustadh, zaka 90,000 nimeshaitoa, ahsante kwa kunikumbusha. Kijana, umeonya vizuri, ya akiba sikuisoma, ila nadhani Shangazi kaihisi.

Imebaki 702,000. Nimerudi kwa mwalimu mkuu nikamwambia madawati sitoweza mwaka huu. Ninatoa rafu mbili na vitabu kidogo vya hadithi, na kamati ya shule itoe chumba chenye mlango unaofungwa na mtu wa kushika ufunguo. Sharti la Carnegie, Mwalimu, nimeliiba. Uso wake ulibadilika kidogo, alikuwa keshachora kwa chaki ukutani mahali pa kuandika jina langu. Ila chumba amekipata, kilikuwa na majembe mabovu na ngoma ya skauti.

Kwa hiyo namtafuta seremala wa Ngamiani au Makorora asiyekula advansi akapotea. Rafu mbili, urefu futi sita, kila moja vibao vitano, na ziwe na miguu ya chuma au zipakwe dawa ya mchwa. Mbao za mvule ninazo, za kitanda cha marehemu bibi. Mwenye kumjua mtu anitumie ujumbe.